Kilo Ngapi Zinakuvuta Nyuma? Hesabu ya Mpando wa Baiskeli Huko Mwala

Sisi watu wa Pwani hatuna vilima vya kujisifia. Anayetaka kumwona mtu wa Mombasa akihangaika na mpando na aende Likoni wakati wa maji ya bamvua, saa ya kupwa, asimame kando ya njia ya kushukia kwenye feri na awatazame wasukuma mikokoteni. Feri hutua chini zaidi kuliko saa ya maji kujaa. Njia ni ileile na mwinamo wake haukubadilika hata kidogo, lakini sasa imeongezeka hatua kadhaa, na hatua hizo ndizo zinazomtoa hamali jasho la mwisho. Mmoja yu mbele anavuta kwa kifua, wawili nyuma wanasukuma kwa mabega, na mwenye mzigo anatembea pembeni mikono mitupu, akiwahimiza.

Mwulize hamali huyo mpando ule ni mkali kiasi gani. Hatakutajia tarakimu. Atakuonyesha mshipa wa shingo. Na jawabu lake si baya, kwani mwili hausemi uongo. Ila mwili wa mtu mmoja si kipimo cha mwingine, na pale bei inapotakiwa kupatanwa baina ya mwenye kubeba na mwenye kubebewa, mshipa wa shingo hauwezi kuwekwa kwenye mizani. Hapo ndipo inapokuja haja ya hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ya mtoto wa shule, na mahali pazuri pa kuifundishia si Likoni bali ni bara, huko Mwala katika Ukambani wa Machakos, ambako baiskeli bado ni punda wa chuma wa watu wengi.

Mwala si nchi ngeni kwetu kama wengine wanavyodhani. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka hadi Mombasa na pembe za ndovu kabla ya reli kuota katika ndoto ya mtu yeyote, na Krapf alipopanda bara mwaka 1849 akauona Mlima Kenya kutoka Kitui, mwenyeji wake alikuwa mfanyabiashara Mkamba, Kivoi. Na yule anayenunua kinyago cha twiga pale Changamwe, kwenye chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa mwaka 1963, ananunua kazi ambayo asili yake ni Wamunyu, jirani na Mwala, ambako inasimuliwa kuwa Mutisya Munge aliurudisha ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Hata lugha haiko mbali: kilima chetu kwao ni *kiima*, na nje ya mji wa Machakos kuna mahali paitwapo Kiima Kimwe, ambapo mtu wa Lamu hahitaji mkalimani kujua ni kilima kimoja.

Nchi yenyewe ni kavu. Mvua huja misimu miwili, na mara nyingine msimu mmoja hukosa. Mito mingi ni ya mchanga, na mchanga ndio unaohifadhi maji. Mtu huchimba kwenye kitanda cha mto hata akayafikia. Mto Athi uko, nao hutiririka mwaka mzima, lakini mto ni kitu cha bondeni na soko ni kitu cha juu. Baina ya viwili hivyo ndipo anapopita muuza maji na baiskeli yake, ile nyeusi nzito iitwayo Black Mamba, isiyo na gia ila moja, yenye breki za vyuma na karia iliyoongezwa fito pembeni. Mitungi minne ya lita 20, iliyofungwa kwa kamba za mpira wa tairi kuukuu. Anashuka mtupu asubuhi, anapanda na kilo 80 za maji.

Sasa tupime mpando wake.

Ukali wa mpando, au mwinamo wake, ni uhusiano wa vitu viwili: umepanda juu kiasi gani, na umesafiri mbele kiasi gani. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa 100, umepata asilimia. Ukienda mbele mita 100 na kimo chako kikazidi kwa mita 6, mpando huo ni wa asilimia 6. Wazee waliofanya kazi reli au barabarani enzi za Mwingereza watakumbuka namna nyingine ya kuandika jambo hilohilo: moja kwa kumi, moja kwa hamsini. Moja kwa kumi ni asilimia 10, moja kwa hamsini ni asilimia 2. Kadiri nambari ya nyuma inavyokuwa kubwa ndivyo njia inavyokuwa nyepesi, jambo ambalo huwachanganya wengi, na nadhani ndiyo sababu alama za barabarani zimehamia kwenye asilimia.

Lakini asilimia nayo ina mtego wake. Mtu akisikia mpando wa asilimia 100 hudhani ni ukuta uliosimama wima. Sivyo. Na Mwislamu wa Pwani ana njia rahisi ya kulifahamu hili kuliko mwanafunzi wa chuo, maana amelelewa na vivuli. Zichukue siku chache za Machi au Oktoba, wakati jua linapotupitia utosini hapa Mombasa na kivuli cha adhuhuri kinapokaribia kutoweka chini ya miguu. Siku hizo, wakati wa Alasiri kwa madhehebu yetu ya Shafii huingia pale kivuli cha kijiti kinapolingana na kijiti chenyewe. Urefu wa kijiti sawa na urefu wa kivuli: kimo moja kwa umbali moja. Hiyo ndiyo asilimia 100. Ni nyuzi 45, ule mshazari wa miali ya jua la Alasiri, si ukuta. Kumbe asilimia 10, ambayo humshusha mwendesha baiskeli wengi kwenye tandiko, haifiki hata nyuzi 6.

Mfano huu sikuuokota ovyo. Elimu ya kulinganisha kimo na umbali ilikuzwa na wanazuoni wa Kiislamu kwa jina hilohilo la kivuli. Habash al-Hasib wa Baghdad, katika karne ya tisa ya Miladi, alitengeneza majedwali ya vivuli, na hesabu ya leo iitwayo tanjenti ni mtoto wa majedwali hayo. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya vivuli, zikiwamo nyakati za sala. Tena alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistani, akapima jinsi upeo wa macho unavyoinama chini, na kwa kimo cha mlima ule akakadiria ukubwa wa dunia. Muuza maji wa Mwala hana haja ya kuipima dunia, ila chombo ni kilekile.

Asilimia ina faida moja ambayo vitabu vya shule haviielezi vya kutosha. Kwa mipando ya kawaida ya barabara, asilimia ni hesabu ya kilo zinazokuvuta nyuma kwa kila kilo 100 unazopandisha. Basi. Mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20, maji kilo 80: jumla 165. Kwenye mpando wa asilimia 6 ni kama vile mtu amekufunga kamba kiunoni, akaipitisha kwenye kapi nyuma yako na kuning'iniza jiwe la kilo 10. Kwenye asilimia 3, jiwe ni la kilo 5. Kwenye asilimia 11, ni la kilo 18. Bado hujaongeza mchanga unaoshika tairi, wala upepo, wala mnyororo usiotiwa mafuta.

Kwa mzigo huo na nguvu za kijana mzima, asilimia 6 humruhusu mwendo wa kilomita 5 hivi kwa saa, ambao ni mwendo wa miguu. Na kwa kuwa Black Mamba ina gia moja tu, pedali hazizunguki vizuri kwa mwendo wa polepole namna hiyo. Ndiyo maana anashuka, anaegemea usukani na kusukuma. Mpita njia aliye kwenye matatu humwona akadhani kachoka. Hakuchoka, amefanya hesabu.

Sasa tuje kwenye wastani, ambako ndiko ulipo uhai wa habari hii, na ndiko watu wanakopunjana, wengine kwa kujua na wengine bila kujua.

Tuchukue njia ya mfano, ya sampuli ya zile zinazotoka mtoni kwenda sokoni katika nchi kama ya Mwala. Ina urefu wa kilomita 3. Nusu kilomita ya mwanzo inatoka kwenye ukingo wa mto, inapanda mita 55. Kilomita moja na nusu inayofuata ni kama tambarare, inapanda mita 15 tu. Kilomita ya mwisho hadi sokoni inapanda mita 20. Jumla ya kimo ni mita 90. Gawanya kwa mita 3,000: asilimia 3. Mwenye duka anayenunua maji akiambiwa hivyo atasema, "Asilimia 3 ni nini, kijana wangu? Hiyo ni njia ya kutembelea jioni." Na hesabu haijakosea, wastani ni huo. Ila ile nusu kilomita ya mwanzo ni asilimia 11, jiwe la kilo 18 kwenye kamba, na hapo ndipo siku ya kijana inapokatika.

Wapo wanaojaribu kurekebisha kwa njia isiyofaa. Huzichukua asilimia za vipande vitatu, 11 na 1 na 2, wakazijumlisha na kugawanya kwa tatu, wakapata karibu 5. Hili ni kosa, nalo linaonekana hata kwenye karatasi za watu waliosoma. Vipande havina urefu sawa, hivyo havina haki ya kura sawa. Kila kipande lazima kihesabiwe kwa urefu wake. Na njia fupi ya kufanya hivyo ni kurudi kwenye kimo chote na umbali wote. Asilimia haijumlishwi na asilimia kama vile bei ya pishi haijumlishwi na bei ya kibaba.

Lakini lipo swali zito zaidi kuliko hilo. Wastani wa umbali ndio wastani wa taabu? Mhesabie kijana kwa saa badala ya mita. Kipande cha ukingoni anasukuma kwa mwendo wa kilomita 2 na nusu kwa saa: dakika 12. Kile cha tambarare anapanda tandikoni, kilomita 12 kwa saa: dakika 7 na nusu. Cha mwisho, kilomita 8 kwa saa: dakika 7 na nusu tena. Safari nzima dakika 27, na 12 kati ya hizo amezitumia kwenye sehemu moja ya sita ya njia. Mwili unakumbuka dakika, haukumbuki mita. Ndiyo sababu mtu aliyepita njia hiyo ataapa kuwa yote ni mpando mkali, na mwenye ramani atamcheka, na wote wawili wana haki.

Kisha kuna makorongo. Nchi ya Mwala imekatwakatwa na vijito vikavu. Tia korongo moja katikati ya ile njia yetu, linaloshuka mita 20 na kupanda mita 20. Sokoni ni juu ya mto kwa mita 90 zilezile, wala mwenye kupima mwanzo na mwisho hataona tofauti. Lakini kijana amepandisha maji yale mita 110. Zile 20 za kushuka hazikumlipa kitu, maana na mzigo wa kilo 80 na breki za Black Mamba hakuthubutu kuachia. Alishuka ameshika breki, akazipoteza zote kwenye moto wa mpira na rimu. Kuna njia ambazo mwanzo na mwisho viko kimo kimoja, wastani wake ni sifuri kamili, na bado zinaua.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko mlangoni petu. Reli ya zamani ilianzia Mombasa mwaka 1896, usawa wa bahari, ikafika Nairobi mwaka 1899, mita 1,660 hivi juu. Umbali ni kama kilomita 530. Fanya hesabu: wastani haufiki hata theluthi moja ya asilimia, kama moja kwa 320. Kwa wastani huo mtu angedhani gari moshi lilipanda usingizini. Waliolipanda wanajua zaidi. Mara tu baada ya Miritini nchi inanyanyuka kwenda Mazeras, na pale wahandisi walilazimika kuizungusha reli ikajipita yenyewe kama nyoka anayetafuta mkia, ili kuupata umbali wa kutosha. Maana kimo hakipunguziki. Kilima cha mita 100 ni cha mita 100. Ukitaka kukipanda kwa asilimia 2 ni lazima uwe na kilomita 5 za njia, na kama huna nafasi ya kwenda mbele, zunguka. Kijana wa Mwala hufanya hivyohivyo anapopanda kwa kukata njia kushoto na kulia kama ushonaji wa kofia. Hakufundishwa na mhandisi. (Kwa upande mwingine, reli hiyo iliiacha Machakos kando, ingawa mji huo ulikuwa kituo cha kampuni ya Waingereza tangu mwaka 1889, kabla Nairobi haijawa kitu. Watu wa Machakos hawajalisahau jambo hilo.)

Wenye mashindano ya baiskeli duniani wameshayajua haya zamani, na ndiyo sababu hawatangazi mpando kwa nambari moja. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa baiskeli Kikuyu chini ya David Kinjah, alishinda mbio za Ufaransa mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Ule mlima wa Ventoux alioshinda juu yake Julai 2013 una kilele cha mita 1,910, na mpando wake wa upande wa Bédoin una urefu wa kilomita 21 hivi na wastani wa asilimia 7 na nusu. Kilomita 5 za mwanzo ni mtelezo mwepesi unaomdanganya mgeni. Baada ya hapo njia inaingia msituni, na huko ni asilimia 9 na 10, kilomita baada ya kilomita, pasipo pumziko. Aliyesoma wastani peke yake hujimaliza kabla ya msitu.

Karibu zaidi na sisi, Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Njia ya wanaume siku ya mwisho ilikuwa kilomita 267 na nusu, na jumla ya kimo walichopanda ilizidi mita 5,400, ingawa walianza na kumaliza mjini mlemle. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Kati ya mipando yote miwili ilitajwa zaidi: Mlima Kigali, kilomita 5.9 kwa wastani wa asilimia 6.9, na ule wa mawe waliouita Ukuta wa Kigali, mita 400 tu kwa asilimia 11. Ukihesabu, wa kwanza unapandisha mita 400 na zaidi, wa pili mita 44. Upi mkali? Inategemea unauliza nini. Na zingatia kwamba Ukuta wa Kigali na ule ukingo wa mto katika mfano wetu ni asilimia moja, 11 kwa 11. Tofauti ni kwamba baiskeli ya Pogačar haifiki uzito wa mitungi miwili ya maji, nusu yake haifiki mtungi mmoja, na ina gia za kuchagua.

Basi mtu wa kawaida atapimaje? Kwanza, asiliamini jicho. Machakos wenyewe wana ushahidi wa hilo. Kituluni, si mbali na mji, kuna kipande cha barabara ambapo gari lililowekwa gia huru huonekana likipanda kilima peke yake, na maji yaliyomwagwa huonekana yakitiririka kwenda juu. Watu husafiri kwenda kutazama, na wenyeji wana visa vyao vya kale kuhusu mahali hapo. Mahali pa namna hii pako kwingi duniani, na palipopimwa kwa vyombo pamekutwa ni mteremko kama mteremko mwingine. Ni nchi ya pembeni tu iliyoinama zaidi ikauficha upeo wa macho, na jicho likakosa mahali pa kushika. Kama jicho linaweza kukosea juu na chini, litajuaje asilimia 4 na asilimia 6?

Chombo cha fundi mwashi kinatosha. Chukua ubao ulionyooka wa sentimita 100 na pimamaji. Laza ubao barabarani kuelekea juu, kisha inua ncha ya upande wa chini mpaka povu la pimamaji litulie katikati. Pima pengo baina ya ncha hiyo na ardhi. Kila sentimita moja ni asilimia moja. Pengo la sentimita 7 ni mpando wa asilimia 7, hakuna cha kugawanya wala kuzidisha. Ila usipime mara moja ukaondoka, kwani tundu moja barabarani litakupa asilimia 20 na tuta litakupa 30. Pima mahali pengi. Kwa kipande kirefu, mpira mwangavu wa maji anaoutumia fundi kusawazisha msingi wa nyumba ni bora zaidi: maji katika ncha mbili hukaa usawa mmoja, na tofauti ya kimo husomwa kwa rula.

Mwenye ramani ya serikali ya kipimo cha 1 kwa 50,000 anaweza kuhesabu mistari ya kimo inayokatwa na njia, na kwa barabara ndefu hiyo ndiyo njia ya heshima. Umbali usiusome kwa rula kwenye ramani, bali ufuate njia na mapindo yake yote. Kuna wabishi watakaosema kuwa umbali wa barabarani si umbali wa kulala wa kwenye vitabu, na hesabu inataka ule wa kulala. Ni kweli, lakini kwenye asilimia 10 tofauti ni nusu ya mita katika kila mita 100. Waache wabishane.

Simu za siku hizi nazo hupima. Zinazotegemea setilaiti husoma umbali vizuri na kimo kwa kusuasua; zenye kupima uzito wa hewa husoma kimo vizuri zaidi, kwa kuwa katika nchi hizi hewa hupungua hektopaskali moja kwa kila mita 9 hivi unazopanda. Lakini hapa kuna jambo litakalomfurahisha mtu wa bahari. Hewa nayo hujaa na kupwa. Katika nchi za joto kama zetu, uzito wa hewa hupanda hadi saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, kisha hupanda tena hadi saa nne usiku na kushuka hadi alfajiri. Mara mbili kwa siku, kama maji ya Kilindini, ingawa hili si la mwezi bali ni la jua. Tofauti yake ni kama hektopaskali 3, ambazo katika simu hugeuka kuwa mita 25 za kilima kisichokuwapo. Aliyeanza kupima mtoni saa nne asubuhi na kumalizia sokoni saa kumi jioni amejizidishia mpando, naye haibi mtu. Dawa yake ni kurudi mahali pa kwanza ukasome tena, na ile tofauti uigawanye.

Kuna sababu ya kujisumbua hivi. Sokoni mtungi wa maji una bei, na bei hiyo aghalabu haiulizi umetoka mto gani. Kijana aliyepanda asilimia 11 na kijana aliyepanda asilimia 3 wanasimama kando kwa kando, na mnunuzi anawaona sawa. Mimi naona hilo ni kupunja kipimo, ingawa hakuna aliyekusudia. Tunamlaani mwenye duka anayekata pishi kwa kidole gumba, lakini pishi la taabu ya mtu hatulitazami. Vijana wa njia moja wangeweza kukaa siku moja na ubao na pimamaji, wakaandika nambari tatu kwenye kipande cha bati: urefu wa njia, kimo chote kilichopandwa pamoja na makorongo, na asilimia ya mahali pakali kuliko pote. Mwenye duka akizikuta hizo tatu, hana tena nafasi ya kusema habari za kutembelea jioni.

Na nambari ya tatu, ile ya mahali pakali, ina kazi yake pia kwa anayeteremka. Jiwe lililokuvuta nyuma wakati wa kupanda ndilo linalokusukuma wakati wa kushuka. Mwenye abiria nyuma, au gunia la mahindi la kilo 90 analolipeleka stendi, kwenye asilimia 11 anasukumwa na kilo 19 zisizopumzika, na kitu pekee kinachompinga ni vipande vinne vya mpira vyenye ukubwa wa dole gumba. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma inateleza, na breki zinahitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kushika. Wenye uzoefu hushuka kwenye baiskeli juu ya ukingo, hata bila aibu ya kuonekana, wakatembea nayo mpaka kwenye mchanga wa mto.